Mashine Yenye Chapa ya Mtu

Joram Magige alikuwa na mashine moja ya santuri, na kwa dijei mashine moja ni sawa na kutokuwa na kitu. Mwenye moja anapiga wimbo, unakwisha, watu wanabaki wamesimama katikati ya uwanja wakitazamana kama waliofumaniwa, na yeye anahangaika kubadilisha santuri. Mwenye mbili hana shida hiyo. Huku wimbo unaimba, kule anautega wa pili, hedifoni sikioni, anaushika kwa kidole usikimbie, anausubiri wa kwanza ufike mahali pake, kisha anauachia. Nyimbo mbili zinatembea pamoja hatua kwa hatua, na anayecheza hajui moja imetoka saa ngapi na nyingine imeingia saa ngapi. Hiyo ndiyo kazi, na mengine yote ni kubonyeza.

Inafaa hili lisemwe mapema, kwa sababu wapo watu, tena wengine wa tumbo moja na Joram, ambao mpaka leo wanaamini kwamba maisha yake yote alikuwa anabonyeza.

Alizaliwa Nyansurura, kitinda mimba katika boma ambalo mwanaume alihesabiwa kwa ng'ombe wake. Miaka ya themanini ikielekea ukingoni alishuka Tarime mjini akapata kibarua cha kufagia baa. Humo akazikuta mashine mbili za santuri na mzee mmoja wa kutoka ng'ambo ya mpaka aliyezipiga. Joram akawa anafagia polepole makusudi. Fagio lilikuwa likifika karibu na meza ya muziki linasahau kazi yake, na mwenye baa akatishia kumfukuza mara tatu. Mwaka wa pili yule mzee aliugua akarudi kwao. Ijumaa ile hapakuwa na mwingine wa kusimama pale, akasimama Joram, na hakutoka kwa miaka ishirini na mitano.

Alipiga harusi za Nkende, mtaani kwake pale mjini, vipaimara, sherehe za walimu wakifunga shule. Santuri alizikusanya moja moja: benga kutoka Migori na Kisumu, rumba, na zile ndogo za Kikurya zilizorekodiwa na wazee waliovuka mpaka wamebeba litungu, zeze la kwao, mgongoni, ambazo sasa hazitengenezwi na mtu yeyote popote. Mkewe, Agustina, fundi cherehani, alizishonea mifuko ya khanga kuukuu, na akamkatia vile vitambaa vya duara vya kuweka chini ya santuri ili iteleze vizuri chini ya kidole. Agustina ndiye aliyejua kazi ya mumewe kuliko mtu yeyote, kwa sababu alikuwa amekata vitambaa hivyo mara nyingi hadi Joram aliporidhika, na Joram hakuwa mwepesi wa kuridhika.

Kisha ikaja flashi. Kijana asiyejua santuri ina pande ngapi akawa anaingia harusini na nyimbo elfu mbili katika mfuko wa shati, anachomeka, anakaa, anakula pilau. Mialiko ya Joram ikapungua, ikawa ya kuhesabu. Masika moja radi ikapiga nguzo ya umeme ikaichoma mashine yake ya kushoto, na wakati huo hakuwa na sababu ya kutafuta nyingine. Akafungua kibanda cha kutengeneza redio na simu hapo hapo Nkende. Santuri mia nne na ushee zikaingia chini ya kitanda, zimevaa khanga zao.

Kaka yake mkubwa, Nyangwine, hakuwahi hata siku moja kwenda kumwona akipiga. Hakuwa na ubaya naye. Watu wakimwuliza habari za mdogo wake alikuwa akijibu, "Yuko mjini, anachezea sahani," kwa sauti ile ile ambayo angesema fulani ana kifafa, na mazungumzo yalirudi kwenye ng'ombe. Joram alilisikia jibu hilo kwa miaka thelathini. Alizoea mambo mengi maishani, lakini hilo hakulizoea.

Sasa, mwaka juzi, mtu mmoja aitwaye Vincent, meneja wa kambi ya watalii upande wa Mbalibali, alileta redio ya gari kibandani ikatengenezwe. Akaona santuri mbili Joram alizotundika ukutani kama urembo, akauliza, akaelezwa. Wakazungumza mpaka redio ikasahaulika. Vincent akasema wageni wake siku hizi wanazitafuta santuri kuliko wanavyomtafuta simba, na kwamba alikuwa akitamani kupata mtu wa kuzipiga wakati wa chakula, kwa ajira kamili, si kibarua. Sharti lilikuwa moja: aje na mashine zake mbili, apige Jumamosi moja ya majaribio, wamwone.

"Wananitaka mimi," Joram alimwambia Agustina. "Hawataki spika zangu wala nyimbo zangu. Wanataka mkono."

Alikuwa na miaka hamsini na minane. Mshahara aliuhitaji, nani asiyeuhitaji, lakini si mshahara uliomfanya azitoe santuri chini ya kitanda na kuzipangusa zote kwa siku mbili. Alitaka, kabla mkono haujaanza kutetemeka, aitwe mahali kwa sababu ya kile mkono huo unachokijua. Na alitaka Nyangwine asikie.

Ili kupata mashine ya pili ilibidi auze mtamba. Ng'ombe alikuwa nao, wa mahari ya binti yao, lakini Nkende hakuna malisho, kwa hiyo walilala katika boma la Nyangwine kule Nyansurura. Walikuwa wake kwa haki. Ila kwa desturi ya kwao ng'ombe aliyelala katika boma la mkubwa hatoki mpaka mkubwa aseme, na akishatoka, mkubwa huifuata thamani yake mpaka aone kwa macho imegeuka kuwa kitu gani. Watu wa mjini wataita hayo kuingiliana. Wenyewe wanaita kulinda mali, na mali nyingi imelindwa hivyo.

Nyangwine alikubali upesi kuliko Joram alivyotegemea. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, anachonga mpini wa jembe.

"Ni kazi ya mwajiri?" aliuliza.

"Ya mwajiri, kaka. Kambi ya wazungu."

"Basi mtamba atatoka. Nitakwenda na wewe nikachague. Kununua ni macho manne, mura," alisema, akimwita kijana kwa lugha yao.

Joram alifurahi. Hilo ndilo linalouma zaidi ukilifikiria, kwamba alifurahi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yao kaka yake alikuwa anakwenda kutazama mashine ya santuri.

Duka lilikuwa Sirari, karibu kabisa na mpaka, la mjane mmoja wa Kijaluo aitwaye Zilpa, anayeuza vyombo vya umeme vilivyotumika na vipya vichache. Aliwakaribisha, akamwamkia Nyangwine shikamoo, akawatolea viti. Mashine alikuwa nazo mbili.

Ya kwanza aliitoa uvunguni kwa mikono miwili, akiguna kwa uzito. Ilikuwa nyeusi, imechubuka pembeni zote, na alama ya sigara iliyozimiwa juu yake. Joram aliijua kabla haijafika mezani. Mota yake inakaa chini ya sahani yenyewe inayozungusha santuri, haina mkanda wa kuivuta. Ina kitufe cha kuongeza na kupunguza mwendo ili wimbo uende sawa na mwenzake, na mkono wake wa sindano una kipande cha chuma nyuma cha kusawazisha uzito ili sindano isiikwangue santuri. Zilpa aliichomeka kwenye umeme. Joram akaweka kidole ukingoni mwa sahani, akakandamiza. Sahani ikaendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kidole. Kifua kilimjaa.

"Hii ni ya dijei wa ukweli, omera," Zilpa alimwambia Joram, akimwita ndugu kwa Kijaluo. "Mwenyewe amepiga nayo Kisumu miaka mingi. Alizeeka, kijana wake akaniuzia."

Ya pili ilikuwa juu ya kabati, mpya, nyekundu, yenye mfuniko kama wa sanduku la nguo na vishikizo vya rangi ya dhahabu. Ilikuwa na spika zake ndani, redio, tundu la flashi, na taa za buluu zilizowaka zenyewe. Sahani yake ilikuwa ndogo kuliko santuri. Joram hakuitazama mara mbili.

Nyangwine aliitazama. Aliizunguka, akaifungua, akaifunga, akawasha redio ikaimba. Kisha akaja kwenye ile nyeusi, na kama afanyavyo mtu anayejua kununua, hakuitazama usoni. Aliilaza ubavu akaangalia chini. Pale tumboni, kwenye bati, mtu alikuwa amechora kwa msumari, herufi kubwa: ODERA.

"Huyu Odera ni nani?"

"Ndiye mwenyewe wa kwanza, mzee. Aliandika jina asiibiwe huko kwa madisko."

"Kwa hiyo aliogopa kuibiwa."

"Eeh, mzee."

"Na sasa iko kwako."

Zilpa alitoa simu yake. Kisha akasema, kwa upole, "Namba ya kijana wake ninayo. Nampigia sasa hivi uongee naye. Na karatasi nitakuandikia, niweke sahihi."

"Karatasi hata mimi niliwahi kuwa nayo," Nyangwine alisema.

Joram alijua kilichokuwa kinakuja, na alijua hakuna atakachoweza kufanya. Mwaka wa tisini na moja Nyangwine alinunua dume mnadani, dume zuri, lenye chapa ya mtu asiyemjua pajani. Muuzaji alikuwa na karatasi yenye muhuri. Wiki mbili baadaye wenye ng'ombe walifuata nyayo mpaka bomani. Nyangwine alikaa mahabusu miezi minne kwa mali aliyoilipia, na mama yao akafa na kuzikwa yeye akiwa ndani. Tangu siku hiyo hakugusa kitu chenye alama ya mtu mwingine. Jembe la kuazima lenye herufi za mtu alilirudisha kabla ya jua kuzama. Mtu wa mahali pengine angeliona jina lile kwenye bati akasema, vizuri, hii ilikuwa ya fundi. Nyangwine aliona chapa.

"Kaka, hii ndiyo inayofaa kwa..."

"Mura, subiri." Hakusema kwa ukali. "Ile nyekundu haina jina la mtu. Ni mpya, ina redio, ina flashi. Hiyo ni kama ng'ombe anayetoa maziwa na kulima. Kizuri chajiuza. Hii nyeusi imefichwa uvunguni, na jina la mtu tumboni. Mimi sitalala na jina la mtu ndani ya mali yetu."

Joram alikwenda kwenye ile nyekundu. Aliiwasha, akaweka kidole ukingoni, hata hakukandamiza. Sahani ikasimama papo hapo, na ndani mkanda ukasikika ukiteleza juu ya mota. Zilpa aliona. Alimtazama usoni, naye Joram akajua kwamba mwanamke huyu amejua.

"Baba," Zilpa alisema, "wewe ndiye mwenye kazi. Sema."

Duka lote likamsubiri. Ng'ombe alikuwa wake, na kazi ilikuwa yake, na katika wilaya nzima ya Tarime siku ile hapakuwa na mtu aliyejua jambo hilo kumzidi. Alihitaji kusema maneno machache tu: kaka, dume lile lilikuwa jambo moja, na hili ni jingine. Lakini kumwambia hivyo Nyangwine ni kumwambia kwamba miezi ile minne haikumfundisha kitu, kwamba alikosa mazishi ya mama bure. Na kumwambia mbele ya mfanyabiashara, mwanamke, mgeni.

"Sawa," Joram alisema. "Tuchukue hiyo nyekundu."

Neno hilo sawa limewamaliza watu wengi wapole. Mkali akikosea hulipa mara moja, lakini mpole hulipa kidogo kidogo mpaka kaburini.

Zilpa aliifunga mashine. Alipomkabidhi, alimtilia juu yake mkanda wa akiba, bure. "Utauhitaji," alimwambia.

Nyumbani Agustina aliitazama ile mashine juu ya meza, na taa zake za buluu, na santuri iliyoning'inia pembeni mwa sahani kama mtu aliyekalia kigoda cha mtoto. Hakuuliza ilinunuliwaje. Alimwona mumewe akiweka kidole, sahani ikisimama, akikiondoa, ikianza tena kwa kujivuta.

"Ulimwambia?"

"Ningemwambiaje, mbele ya yule mama?"

"Kwa mdomo," Agustina alisema, akarudi kwenye cherehani yake.

Baadaye kidogo akasema, bila kugeuka, kwamba duka halijahama, mashine irudishwe, ile nyeusi bado ipo. Joram akasema ataona. Wote wawili walijua hataona. Kuirudisha kulikuwa ni kumwambia Nyangwine kwa njia ndefu kile alichoshindwa kumwambia kwa njia fupi.

Badala yake akafanya ufundi. Aliifungua, akakata mkanda mwingine kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, akaukaza, akaongeza bati chini ya sahani kuipa uzito. Wiki mbili alishughulika nayo na wateja wa simu wakangoja. Ilishika kidogo zaidi. Siku nyingine ilishika kabisa, akapata matumaini. Mtu akishajitia kwenye uongo, tumaini huwa halimwishi.

Jumamosi ya majaribio alifika kambini saa nne asubuhi, amechukuliwa na gari lao. Aliweka mashine yake ya zamani kulia na ile nyekundu kushoto, akachagua santuri kumi na mbili, akazipanga. Saa saba wageni wakakaa mezani. Akaanza na benga, kwenye ile ya kulia, na kabla ya dakika mbili miguu chini ya meza ilikuwa imeanza kugonga. Vincent alisimama mlangoni mwa jiko anatabasamu. Mzungu mmoja mzee aligeuza kiti kabisa ili amwone Joram vizuri. Katika dakika zile chache Joram alikuwa mtu yule aliyetaka kuwa.

Kisha akaweka ya pili, kushoto. Akavaa hedifoni, akatafuta mwanzo wa wimbo, akaushika kwa kidole. Chini ya kidole sahani ikakwama. Akalegeza kidogo, mkanda ukateleza. Wimbo wa kulia ulikuwa unakwisha, na huo haungoji mtu. Ulipofika mahali pake akauachia wa kushoto, ukatoka chini kabisa, sauti nzito ya kukokota kama ng'ombe anayekata roho, ukapanda polepole, ukapita mwendo wake, ukarudi. Watu walicheka, si kwa ubaya, walidhani ni sehemu ya mchezo. Akajaribu tena. Mara ya tatu mkanda ukang'oka, mota ikabaki inalia peke yake ndani ya sanduku, na kimya kikakaa juu ya meza zote mpaka mtu mmoja akagonga glasi kwa uma na mazungumzo yakarudi. Joram aliumia kuliko siku yoyote anayoikumbuka, na anazikumbuka nyingi.

Vincent hakumfukuza. Ingekuwa afadhali. Alimpeleka pembeni, akamwagizia soda.

"Mzee wangu, usijali. Wageni wamekupenda. Na ile nyekundu umeona? Kila mmoja ameipiga picha."

"Nipe wiki moja," Joram alisema. "Ipo mashine nyingine Sirari, naijua."

"Haina haja. Sikiliza, muziki utatoka kwenye kompyuta ya ofisini kwangu, hautakatika. Wewe unakaa pale pale na mashine zako, santuri zinazunguka, unavaa hedifoni, unageuza geuza. Wageni wanapenda kuona mkono. Mshahara ni ule ule."

Joram alimwuliza kama ameelewa vizuri, kwamba santuri zitazunguka bila kulia. Vincent akasema ameelewa vizuri kabisa.

Joram alisema atafikiri. Hakupata nafasi ya kufikiri, kwa sababu kabla gari halijafika nusu ya njia simu iliita, ni Nyangwine, na nyuma ya sauti yake zilisikika sauti za wanaume wengine, watu wa Nyansurura waliokuwa wamekaa wanangoja jibu pamoja naye.

"Wamekuchukua?"

Joram alitazama nje. Watu walikuwa wanapalilia mtama.

"Wamenichukua, kaka."

Akasikia Nyangwine akiwageukia wenzake na kusema kitu kwa Kikurya, na wanaume wale wakacheka kicheko cha kuridhika. Kwa jibu hilo kazi ilikuwa imeshakubaliwa.

Amekaa pale mwaka na nusu sasa. Kambi ilimpa shati la kitenge na kofia. Nyaya za spika Vincent alizitoa zote siku ya kwanza, akasema zinaharibu picha, spika za ndani ya ile nyekundu akazikata zisilie, ukabaki waya wa umeme tu wa kuzungusha sahani. Mikono ya mashine ilifungwa kwa raba isishuke, sindano ikabaki hewani upana wa kidole juu ya santuri. Majuma ya mwanzo alikuwa bado anachagua kwa makini. Kompyuta ikiimba benga, aliweka benga. Ikibadilika, alibadilisha, akavaa hedifoni, akatega wimbo usiokuwepo. Baadaye akaona upumbavu wake, akawa anaweka yoyote iliyo karibu. Kuna wiki nzima aliacha santuri moja ikizunguka, na hakuna aliyegundua. Agustina alikuwa akimwuliza kila arudipo, leo umepiga nini, na yeye akimtajia. Siku moja aliacha kuuliza. Vitambaa vya duara vilipochakaa hakukata vingine.

Mwezi wa nane kambi hualika majirani. Wenyeviti wa vijiji na wazee kutoka Mbalibali, Nyansurura na kwingine huja kula mchana pamoja na wageni, hotuba zinasemwa, mbuzi wanachinjwa. Joram hakuwa ameambiwa nani yuko kwenye orodha. Alikuwa nyuma ya mashine zake alipomwona Nyangwine akiingia, amevaa koti, fimbo mkononi, viatu vimepigwa rangi.

Nyangwine hakwenda kukaa na wenzake. Alisimama hatua chache kutoka mezani, mikono yote miwili juu ya fimbo, akatazama. Macho yake yalikuwa yameanza kufunga ukungu miaka ya karibuni, mtu wa mbali hamtambui mpaka amsikie. Sindano iliyo hewani asingeiona hata akiinama. Aliuona mkono wa mdogo wake ukiigusa sahani, ukiiacha, ukipanda kwenye hedifoni, na alisikia muziki ukijaa uwanja wote bila kukatika. Joram, Mungu amsamehe, siku ile alifanya kazi nzuri. Aligeuza kila santuri mahali pake hasa, kwa wakati wake hasa. Hakuwahi kupiga vizuri namna ile tangu zama za baa.

Ilipita robo saa. Kisha Nyangwine akasogea.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Hakuwa mtu wa kusifu, na ilionekana anatafuta maneno. "Mimi nilidhani unachezea. Miaka yote hii. Leo nimeona ni kazi. Jasho linakutoka."

Kwa miaka thelathini Joram alikuwa amejiandalia majibu ya neno hilo, kuchezea, mengine ya hasira, mengine ya mzaha. Yote yalikauka.

"Wangekuwa hai wazee wangeona," Nyangwine akaendelea. "Sasa mimi nina ombi. Sijawahi kukuomba wimbo."

"Omba, kaka."

"Ule wa litungu, wa kusifia fahali mweusi. Baba alikuwa akiusikia redioni ananyamazisha boma zima, hata watoto wanaolia. Mama alikuwa akimcheka. Nikiwa kule ndani niliuimba kimoyomoyo mpaka nikasahau maneno. Nipigie huo, niusikie tena."

Joram alikuwa nao. Aliupata Migori miaka kumi na miwili iliyopita kwa mzee mmoja aliyekuwa anafunga duka, na hakuwahi kumwambia Nyangwine kwa sababu hakuwahi kuulizwa. Ulikuwa ndani ya sanduku lililo mbele yake, wa tano kutoka mwanzo, katika mfuko wa khanga ya buluu. Mkono wake ulikwisha kuufikia. Aliigusa ile khanga, akahisi ukingo wa santuri ndani yake. Chini ya meza hapakuwa na waya wa spika. Kompyuta ilikuwa ofisini, imefungwa, na wimbo ule haukuwemo, hauko katika kompyuta yoyote duniani. Angeweza kusema. Angeweza kumshika kaka yake mkono, akauweka juu ya ile sindano, na kumwambia yote tangu Sirari.

Nyangwine alikuwa amesogeza sikio lake zima karibu, amefumba macho, anangoja.

"Huo sina, kaka."

"Huna?"

"Niliutafuta sana. Sikuupata."

Nyangwine alifumbua macho. Alitikisa kichwa polepole, wala hakulaumu. "Basi. Ni wa zamani mno huo," alisema. Alimpigapiga mdogo wake begani mara mbili, akaenda kupanga foleni ya nyama pamoja na wazee wenzake, na Joram akasikia akiwaambia, yule pale ni mdogo wangu.